Kutoka Srinagar Hadi Leh: Nasaha kwa Msafiri wa Ladakh

Mwenye kuazimia kuizuru Ladakh, nchi kavu iliyo nyuma ya safu kuu ya majabali ya Himalaya kaskazini mwa India, aweza kupanda ndege Delhi akashuka Leh kwa muda usiotimu saa mbili. Lakini Leh iko mita 3,500 juu ya bahari, na mwili ulioinuliwa ghafla kiasi hicho aghalabu huadhibiwa kwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Kwa hiyo mwenye wasaa na ashike barabara ya kutoka Srinagar, masafa ya kilomita 420 hivi, ipitikayo kwa wepesi baina ya Juni na Oktoba.

Ondokeni Sonamarg alfajiri, maana katika Zoji La, mlango wa mlima ulio mita 3,528, barabara ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa jabali, na malori huruhusiwa kupita kwa zamu. Mwenye kuogopa mashimo na akae upande wa ukuta. Ukishavuka, misonobari hutoweka, kwani mawingu ya mvua yamezuiliwa upande wa Kashmir, na mbele yako husalia miamba ya rangi ya kahawia, na mashamba ya kijani pale tu palipofikiwa na mfereji. Laleni Kargil, mji wa Waislamu, wengi wao Mashia, ulio chini ya mita 2,700. Kesho yake mtapanda Fotu La, mita 4,108, kisha mteremke hadi mto Indus, ule umwagao maji yake katika Bahari ya Arabuni.

Mkifika Leh pumzikeni siku mbili kamili, mnywe maji kwa wingi, na mjiepushe na vileo. Khardung La, mlango mwingine wa mlima upitao mita 5,300, hautahama. Na mwenzenu akianza kupepesuka au kusema yasiyoeleweka, mteremsheni hima, ijapokuwa ni usiku wa manane.

Mkikaribishwa chai ya siagi na chumvi, iliyosukwa katika chombo kirefu cha mbao, jueni kwamba kikombe hujazwa kila kipunguapo. Aliyetosheka hukiacha kimejaa, akakinywa wakati wa kuaga. Mgeni atakaye kwenda bonde la Nubra au ziwa Pangong sharti apate kibali kwa wakala wa Leh, naye achukue nakala kadhaa, kwa kuwa walinzi wa vizuizini hubaki nazo.