Wali na Vary: Maneno ya Mpunga baina ya Kilombero na Bukini

Mpunga unaolimwa bondeni Kilombero na kuuzwa Mlabani, mjini Ifakara, asili yake ni Asia. Kwa kuwa Bukini (Madagaska) ilikaliwa na wasemaji wa lugha ya Kiaustronesia, ni rahisi kudai kwamba mabaharia hao ndio waliouleta huku bara. Makala haya yanaipima hoja hiyo kwa jozi moja ya maneno: wali la Kiswahili na vary la Kimalagasi.

Nasaba ya Kimalagasi haina utata. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl alikihusisha na Kimaanyan cha Borneo. Linganisha pia dua, empat, enam na langit (mbingu) za Kimalei na roa, efatra, enina na lanitra. Hata hivyo, omby (ng'ombe), akoho (kuku) na amboa (mbwa) ni ya Kibantu. Hapa mkopaji ni Mbuki, jambo linalosahauliwa na wanaotazama Mashariki peke yake.

Je, wali ni mkopo kutoka kwa vary? Mfanano wa sauti unavutia, lakini mofolojia inaupinga. Wali huchukua upatanisho wa u- (wali umeiva), na w- yake ni kiambishi awali cha ngeli. Shina ni -ali. Kibemba kina ubwali, yaani ugali, na Wabemba hawakuupata kwa Wabuki. Maana nayo inatofautiana: vary ni mmea, nafaka na chakula kilichopikwa, ilhali Kiswahili hutenga mpunga, mchele na wali. Mgawo huu wenyewe si ushahidi wa undugu, ingawa Kimalei nacho hutenga padi, beras na nasi. Hata Kimalagasi, kilicho ndugu ya Kimalei, hakiufuati.

Akiolojia inaafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa, kati ya karne ya 8 na ya 10, mazao ya Asia yalitawala Komoro na Bukini, ilhali pwani ya bara yalitawala ya Kiafrika, kama mtama.

Kinachosalia ni Kindamba na Kipogoro. Ikusanywe istilahi ya mbegu, kitalu, kupandikiza, kupura na pumba, kisha ipambanuliwe iliyokopwa kwa Kiswahili na ile iliyohamishwa kutoka kilimo cha mtama.