SOMO LA UVUVI: KUTEGA KAMONGO KWA MSHIPI WA CHINI

Mkulima wa skimu ya Lambwe, na mwenzake mwenye shamba karibu na ghuba za Homa Bay, Karungu au Muhuru, ana mashamba mawili. La kwanza ni la udongo, la pili ni la maji. Shamba la maji halihitaji jembe, lakini lina kanuni zake, na asiyezifuata hatavuna miaka mingi. Mwezi huu tutajifunza kutega kamongo kwa ndoana. Kazi hii haihitaji mtaji mkubwa, na haimzuii mtu kwenda shambani asubuhi.

Tabia ya kamongo

Kamongo ni samaki wa matopeni. Mwili wake ni mrefu kama wa mkunga, naye huweza kufikia karibu mita 2. Usiku hutafuta konokono, wadudu na samaki wadogo chini ya maji. Ana mapafu, kwa hiyo ni lazima apande juu mara kwa mara avute hewa. Akizuiwa chini kwa muda mrefu hufa maji, kama mtu. Likumbuke sana jambo hili, kwa maana ndilo linaloamua jinsi mshipi utakavyotengenezwa.

Kutengeneza mshipi

1. Chukua kamba ya nailoni iliyosokotwa, yenye urefu wa mita 150. Hiyo ndiyo kamba mama. Anayeanza atumie ndoana 50 tu.

2. Kila ndoana ifungwe kwenye uzi wake wenye nguvu, urefu wa mita 1. Nyuzi hizo zifungwe kwenye kamba mama, moja kila baada ya mita 3. Zikikaribiana zaidi, samaki wawili walionaswa watasokotana, na asubuhi yako yote itakwisha ukifungua mafundo.

3. Chagua ndoana kubwa. Dukani, namba ndogo ni ndoana kubwa, na namba kubwa ni ndoana ndogo. Wengi hupotoshwa na hesabu hiyo. Ndoana ndogo huvua watoto wa samaki, na kamongo mkubwa huinyosha akaenda zake. Kabla ya kununua, muulize Bwana Samaki ni namba zipi zinazoruhusiwa.

4. Funga jiwe la nanga na boya kila mwisho wa kamba mama. Mtungi wa plastiki uliofungwa vizuri hufaa kuwa boya. Katikati weka mawe madogo machache tu, moja kila baada ya ndoana 10. Kamba isivutwe ikakaza. Ikilegea kidogo, samaki aliyenaswa ataweza kuinyanyua na kupata hewa.

Chambo

Chambo kizuri unacho nyumbani. Chimba nyungunyungu kando ya jaa la samadi, penye unyevu. Vipande vya samaki wabichi vinafaa pia. Funika ncha ya ndoana, lakini usiifunike kwa donge nene hata isiweze kuchoma.

Kutega na kuinua

Tega jioni, mahali ambapo maji hayazidi kimo cha mtu. Mshipi uliotegwa kwenye kina kirefu utakuletea mizoga. Inua alfajiri, mara tu kunapopambazuka. Samaki aliyekufa tangu usiku huanza kuharibika kabla hujafika ufuoni. Aliye hai hukaa saa nyingi ndani ya gunia lililoloweshwa, na mnunuzi humwona akitikisika.

Tazama pia upepo. Katika ghuba ya Homa Bay magugumaji husukumwa na upepo, na yakipita juu ya boya huweza kuchukua mshipi mzima. Usitege upande ambao magugu yanaelekea.

Jihadhari na meno ya kamongo. Taya zake huvunja konokono, na kidole hakitamshinda. Mnyanyue kwa kulabu, wala usimtoe ndoana mdomoni angali hai. Vaa jaketi la kuokolea maisha, na usitembee majini kwa miguu kando ya mafunjo, kwa kuwa viboko na mamba wapo.

Usiguse kiota

Mvua zinapojaza maji, kamongo huingia katika mafunjo kuzaa. Dume hutengeneza kiota, akayalinda mayai na watoto. Hakimbii ovyo, kwa hiyo ni rahisi kumpata. Lakini mtu akimtoa baba, watoto wote huliwa na samaki wengine. Amepata kitoweo cha siku moja, na amepoteza kizazi kizima.

Tena wako wanaokata na kuchoma mafunjo ili wapande mboga. Wataalamu waliochunguza kupungua kwa kamongo katika Ziwa Victoria wamezitaja sababu hizi mbili: vinamasi kugeuzwa mashamba, na kuvuliwa kwa madume walinzi. Basi mkulima aliye karibu na mlango wa mto Kuja, au kwenye kinamasi chochote, aache mafunjo yasimame kando ya maji. Mshipi wake autege nje, kwenye maji ya wazi. Ukulima wake na uvuvi wake vinakutana hapo, na akiharibu kimoja ataharibu cha pili.

Kabla ya kutega mara ya kwanza, nenda kwa viongozi wa BMU ya ufuo wenu uandikishwe, ukaulize habari za leseni na mahali palipokatazwa.

Maswali ya kuzungumza barazani

1. Kwa nini kamba mama isikazwe?
2. Nyuzi za ndoana zikiwa na urefu wa mita 1, kwa nini tumeziachanisha mita 3?
3. Katika ufuo wenu, mafunjo yamebaki wapi, na ni nani anayeyalinda?