Mfiwa Kijana na Rafiki wa Kufa Kuzikana

Kitenzi 'fa' si elekezi. Anayekufa hufa peke yake, wala hakuna yambwa. Hata hivyo, kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea, kisha ya kutendewa, huzaa 'fiwa', na hapo mtu wa pili huingia katika tukio. Katika sentensi 'Mwanafunzi amefiwa na mamaye', kiima si marehemu bali ni aliye hai, na ndiye anayetendewa. Sarufi imekwisha kukiri jambo ambalo jamii aghalabu hulisahau mfiwa anapokuwa kijana.

Tazama mambo yaendavyo matangani. Wazee hupanga mazishi, kamati hukusanya michango, akina mama hupika, na wageni humpa mkono wa pole mjane au mgane. Kijana wa miaka ishirini hutumwa maji na viti. Si mtoto wa kubembelezwa, wala si mtu mzima wa kuulizwa shauri. Akiwa mwana wa kiume huambiwa ajikaze. Akiwa kifungua mimba huambiwa kuwa wadogo zake sasa wanamtazama yeye. Methali husema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, lakini huyu hapewi nafasi ya kukianza.

Matanga huondolewa baada ya siku chache, naye hurejea chuoni. Ikumbukwe kwamba neno la pole, 'makiwa', lina mnasaba na 'ukiwa' na 'mkiwa'; anayelitamka anautaja upweke wenyewe. Bwenini upweke huo una saa zake: Jumapili jioni, mama alipozoea kupiga simu, siku ya kulipa karo, au pale fomu inapouliza jina la mzazi. Jamaa hawako. Aliyeko ni yule wa kitanda cha pili.

Anayoyafanya huyu ni madogo kwa kutazamwa. Amenakili mihadhara ya wiki mbili. Amemwendea mhadhiri kumwombea mwenziwe muda wa kukamilisha kazi. Humburura hadi maakulini. Zaidi ya yote, hulitaja jina la marehemu bila ya kushusha sauti, na hata huthubutu kuchekesha. Huo si utovu wa adabu. Katika jamii kadhaa za Tanzania mtani ana nafasi yake mazishini: humwiga marehemu alivyotembea na alivyosema, wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Rafiki wa bwenini hufanya kazi iyo hiyo bila ya kupewa cheo.

Uwezo wake una mpaka, bila shaka. Mfiwa asiyekula wala kulala kwa majuma, au anayesema hataki kuishi, anahitaji mshauri nasaha au daktari, na rafiki anayelificha jambo hilo kwa jina la siri amekosea.

Ken Walibora aliifanya kauli 'kufa kuzikana' anwani ya riwaya yake ya mwaka 2003. Ajabu ya kauli hiyo ni kwamba 'zikana' imo katika kauli ya kutendana, ilhali wawili hawawezi kuzikana: mmoja atamzika mwenziwe, basi. Kwa vijana wa miaka ishirini ahadi hiyo ingali mbali. Iliyo karibu ni kuzika pamoja: kupanda matatu usiku, kushukia kijiji asikomjua mtu ila mfiwa, na kulipokuchwa kuwa miongoni mwa walioshika koleo.