UFUPISHO: Acha Mifano, Usiache Sharti

Katika swali la ufupisho, wengi hupoteza alama kwa kuandika maneno mengi mno. Wapo pia wanaozipoteza kwa kufupisha hadi maana ikabadilika. Soma kifungu kifuatacho, kisha tukifanyie kazi pamoja.

KIFUNGU

Wakati wa baridi, nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa boila ya gesi. Boila hupasha maji, pampu huyasukuma hadi kwenye redieta za vyumbani, kisha maji yaliyopoa hurudi kupashwa tena. Gesi inapoungua hutoa moshi wenye mvuke. Katika boila za zamani, joto la mvuke huo lilipotelea nje kupitia bomba la moshi. Boila za kisasa huupoza mvuke ukawa maji, na joto lake hutumika kupasha nyumba. Tangu mwaka 2005, kanuni za ujenzi za England na Wales zinataka boila mpya za gesi ziwe za aina hii, isipokuwa pale isipowezekana kuzifunga.

Hata hivyo, mvuke hugeuka maji iwapo tu maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yana joto la chini ya nyuzi 55 hivi za Selsiasi. Mwenye nyumba akiyapasha kupita kiasi, faida kubwa ya boila mpya hupotea. Vidhibiti navyo husaidia. Themostati huzima boila chumba kikifikia joto lililowekwa. Saa maalumu huiwasha kabla wenyeji hawajaamka na kuizima wanapotoka. Vali za redieta hupunguza joto katika vyumba visivyotumika.

SWALI: Fupisha kifungu hiki kwa maneno yasiyozidi 40.

HATUA ZA KUFUATA

1. Tafuta hoja kuu. Hapa ni hii: boila ya kisasa huokoa joto, lakini namna inavyotumiwa ndiyo inayoamua.

2. Ondoa maelezo ya ziada. Kazi ya pampu, mwaka 2005 na kanuni za ujenzi vinaweza kuachwa bila kuathiri hoja.

3. Jumuisha mifano. Themostati, saa na vali vyote ni "vidhibiti".

4. Pigia mstari maneno ya sharti: iwapo, isipokuwa, hata hivyo, tu. Hapa ndipo wengi huteleza. Mtahiniwa huandika, "Boila za kisasa huokoa joto," akaweka nukta. Sentensi ni fupi, lakini kifungu hakikusema hivyo. Kilisema "iwapo tu". Neno "isipokuwa" unaweza kuliacha, kwa sababu umeiacha sentensi yake yote.

JIBU LA MFANO

Boila za kisasa huokoa joto kwa kugeuza mvuke uliomo kwenye moshi kuwa maji, iwapo tu maji yanayorudi kutoka kwenye redieta si ya moto mno. Vidhibiti navyo hupunguza upotevu kwa kupasha vyumba vinavyohitajika tu, kwa wakati na kiwango kinachofaa. (Maneno 38)

ZOEZI

Bila kutazama jibu, fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 25. Kisha mpe mwenzako ambaye hajasoma kifungu. Muulize: mtu akinunua boila mpya, afanye nini ili apate faida yake? Akishindwa kukujibu, rudi hatua ya nne.