Kazi Iliyongoja Kesho

Soma kwa ajili ya somo hili: Hagai 1:1–15, Ezra 4:24, Ezra 6:15, Mathayo 21:28–31, Kutoka 16:22, 23.

Fungu la kukariri: Hagai 2:4

Kwa miaka mingi, msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita alisimama Kigongo, kando ya Ghuba ya Mwanza, akingoja kivuko cha kumpeleka Busisi. Siku nyingine foleni ilikula saa nzima au zaidi. Aliyechelewa kikao alikuwa na jibu tayari: kivuko. Mara nyingi jibu hilo lilikuwa la kweli. Juni 19, 2025, Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilifunguliwa rasmi, na sasa gari huvuka kwa dakika chache. Udhuru wa kivuko umekwisha. Lakini mwenye desturi ya kuahirisha kazi amevuka daraja pamoja na desturi yake.

Soma Hagai 1:1–4 na Ezra 4:24. Watu walitoa sababu gani ya kutoijenga nyumba ya Bwana? Sababu hiyo ilianzaje?

Waliorudi kutoka Babeli waliweka msingi wa hekalu kwa furaha na machozi. Kisha adui wakawapinga, na kazi ikasimama. Mwanzoni kikwazo kilikuwa cha kweli. Lakini miaka ilipita, na kikwazo kikageuka kuwa mazoea. Watu hawakusema kwamba hawataki kujenga. Walisema tu kwamba wakati haujafika.

Tena, hawakukaa bure. Hagai anaonyesha kwamba walikuwa wakijenga nyumba zao wenyewe, nyumba nzuri zilizotiwa mbao, na kulima mashamba yao. Kuahirisha si lazima kufanane na uvivu. Mhazini wa kanisa anayeiogopa taarifa ya robo anaweza kufagia ofisi, kupanga makabati na kumtembelea mgonjwa, yote siku moja. Hizo ni kazi njema, wala asizidharau. Hata hivyo jioni taarifa bado haijaandikwa, na ndiyo iliyokuwa zamu yake. Swali la Bwana katika Hagai 1 si kama watu wanafanya kazi, bali ni kazi gani inayongoja wakati wanafanya nyingine.

Soma Hagai 1:12–15. Bwana aliwapa ahadi gani, na aliwapa lini: kabla ya kuanza kazi au baada ya kuimaliza?

Ujumbe wa Hagai ulikuja siku ya kwanza ya mwezi wa sita. Siku ya 24 ya mwezi uleule, watu walikuwa kazini. Ahadi ya Bwana ya kuwa pamoja nao ilitolewa kabla ya jiwe lolote kuinuliwa. Hawakuambiwa kwanza wawe watu wa namna nyingine, ndipo waje kujenga. Zerubabeli, Yoshua na watu wote walikuwa walewale waliochelewa. Roho zao ziliamshwa, wakaenda. Hekalu lilikamilika mwaka wa sita wa Dario, kwa mikono ya watu waliokuwa wameahirisha.

Hapa wengi hukwama. Huomba kwanza waponywe tabia ya kuahirisha, wakidhani siku hiyo ikifika watafanya kazi kwa wepesi. Huko nako ni kuahirisha. Jiwe la msingi la daraja la Kigongo liliwekwa Desemba 2019, na nguzo zilisimama moja baada ya nyingine kwa miaka kadhaa. Muda huo wote vivuko havikufungwa. Wagonjwa, wanafunzi na mizigo waliendelea kuvushwa kwa chombo kilichokuwapo. Vivyo hivyo, Mungu anapoijenga tabia ya mtu hatua kwa hatua, mtu huyo anaitwa kuvusha kazi ya leo kwa nguvu alizo nazo leo.

Soma Mathayo 21:28–31. Mwana yupi alifanya mapenzi ya baba, ingawa alichelewa?

Nguvu ndogo hutumiwa kwa hatua ndogo. Mhazini aliyeshindwa kuandika taarifa nzima anaweza kufungua kitabu cha stakabadhi na kujumlisha mwezi mmoja tu. Anaweza kumwambia mzee wa kanisa siku atakayoikabidhi, ili kuwe na mtu wa kumwuliza. Na akikimbilia kazi nyingine, aifanye vizuri, kisha arudi kwenye ile aliyoikimbia kabla jua halijazama.

Mungu pia ameweka mpaka katika juma lenyewe. Kule jangwani, mana ya siku ya sita ilikusanywa maradufu, kwa maana siku ya saba haikuwa na ya kukusanya. Ijumaa humfikia kila mtu kwa saa inayojulikana. Kazi iliyosukumwa tangu Jumapili huangukia siku ya maandalio, na mara nyingi wanaoubeba mzigo huo ni wa nyumbani: mke anayepiga pasi gizani, mtoto anayefokewa. Anayeianza kazi Jumatatu anawaandalia wengine pumziko.

Maswali ya kujadili:

1. Soma Matendo 24:24–27. Kuna tofauti gani kati ya kungoja kwa Feliki na kungoja kwa mtu anayemtumaini Mungu?

2. Ni udhuru gani uliokuwa wa kweli zamani katika maisha yako, lakini sasa umebaki mazoea?

3. Kundi lenu linawezaje kumsaidia mwenye kazi iliyolala bila kumwaibisha?

4. Taja kazi moja uliyokabidhiwa na hujaianza. Ni sehemu gani yake inayoweza kufanywa kabla ya Jumanne jioni?