Kenneth Arrow na tasnifu iliyokawia miaka kumi

Leo siandiki kuhusu mtakatifu. Nataka tumtazame mchumi mmoja wa Marekani, Kenneth Arrow, hasa miaka yake ya mwanzo chuoni, wakati bado hakuna aliyemjua. Nimemchagua kwa sababu siku hizi naongea na vijana kadhaa walio kwenye masomo ya uzamili na uzamivu. Ukiwauliza tasnifu imefika wapi, wanacheka kidogo halafu wanabadilisha mada. Nyumbani kila likizo ni swali lile lile: utamaliza lini? Mmoja ameacha hata kwenda jumuiya, hataki kuulizwa.

Arrow alizaliwa New York mwaka 1921, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Romania. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyefanikiwa, kisha ule mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 ukamfilisi. Kijana akasoma City College kwa sababu moja ya wazi: haikuwa na ada. Alitaka awe mwalimu wa hisabati wa sekondari, kazi yenye mshahara wa uhakika, lakini alipohitimu mwaka 1940 orodha ya waliofaulu mtihani wa ualimu miaka ya nyuma ilikuwa bado haijaisha. Hapo nadhani wasomaji wangu wengi waliohitimu ualimu wananielewa bila maelezo.

Kuna jambo dogo la pale City College ambalo mimi, kama mtu wa falsafa, siwezi kuliruka. Mwaka wake wa mwisho alitokea mwalimu mgeni, Alfred Tarski, mwanamantiki wa Poland aliyekuwa amekwama Marekani baada ya vita kuanza Ulaya. Arrow akasoma kwake mantiki ya mahusiano, yaani ule utaalamu wa kuchunguza mambo kama haya: ikiwa A ni mkubwa kuliko B, na B ni mkubwa kuliko C, unaruhusiwa kusema nini kuhusu A na C? Tarski akamwomba pia asaidie kusahihisha prufu za kitabu chake cha mantiki kilichokuwa kinatafsiriwa kwa Kiingereza. Aliyekitafsiri aliitwa Olaf Helmer. Shika jina hilo, tutalihitaji.

Ajira ya ualimu ilipokosekana, Arrow aliingia Chuo Kikuu cha Columbia, akapata shahada ya uzamili ya hisabati mwaka 1941. Mwalimu aliyemvutia pale ni Harold Hotelling, mtaalamu wa takwimu aliyekuwa idara ya uchumi. Arrow alimwendea aombe barua ya kumsaidia kupata ufadhili katika hisabati. Hotelling akamjibu kwamba huko hisabati hana sauti, ila akihamia uchumi, ufadhili utapatikana. Akahamia. Mtu tunayemhesabu leo kati ya wachumi wakubwa wa karne ya 20 aliingia uchumi kwa sababu ndiko kulikokuwa na pesa ya kujikimu! Nasema hivi kwa wale wanaodhani uamuzi wenye sababu za mfukoni hauwezi kuwa uamuzi mwema.

Kufikia 1942 alikuwa amemaliza masharti yote ya uzamivu isipokuwa tasnifu. Vita ikamchukua miaka minne, akatumika kama ofisa wa hali ya hewa katika jeshi la anga. Alisimulia baadaye kwamba yeye na wenzake walipima utabiri wa muda mrefu wa kitengo chao wakaona haupiti kubahatisha. Walipoomba kazi hiyo isimamishwe, wakajibiwa kwamba jenerali anajua vizuri kuwa utabiri haufai, ila anauhitaji kwa ajili ya mipango! Makala aliyoandika kutokana na kazi ya jeshini ilichapishwa mwaka 1949. Inahusu namna ya kutumia upepo katika kupanga safari za ndege.

Aliporudi Columbia mwaka 1946, Hotelling alikuwa ameondoka kwenda North Carolina. Na hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Arrow hakuwa mvivu, wala hakukosa akili. Alikuwa na wazo kubwa mno. Alitaka tasnifu yake iwe kukiandika upya kitabu cha Mwingereza John Hicks kilichotoka 1939, kitabu kilichokuwa kama mhimili wa nadharia ya uchumi wakati huo, na akifanye imara zaidi. Kila alichoandika alikiona hakifikii. Miaka ikapita. Mwaka 1947 alikwenda Chicago kwenye kituo cha utafiti cha Cowles, akakaa kati ya watu wenye vipaji vikubwa, na hata huko tasnifu haikutoka. Alifikiria kwa dhati kuacha njia hiyo, awe mtaalamu wa hesabu za kampuni za bima ya maisha, akaanza hata kufanya mitihani yao. Mwenzake wa Cowles, Tjalling Koopmans, ndiye aliyemshauri asiende: kazi ile, alimwambia, haina muziki ndani yake.

Kiangazi cha 1948 Arrow alialikwa kwenye shirika la utafiti la RAND, Santa Monica, California. Huko akamkuta mwanafalsafa Olaf Helmer, yule yule mfasiri wa Tarski. Watu wa RAND walikuwa wanatumia nadharia ya michezo kuchambua ushindani wa Marekani na Urusi, na Helmer alikuwa na shaka. Mtu mmoja anaweza kupendelea kitu, sawa. Lakini tunaposema nchi inapendelea kitu, tunamaanisha nini? Arrow akajibu kwamba wachumi walishalimaliza hilo. Vizuri, akasema Helmer, basi niandikie maelezo mafupi.

Alipokaa kuyaandika, hayakuandikika. Chukua mfano wetu. Viongozi watatu wa vijana parokiani wana fedha ya jambo moja tu: hija, semina au sare. Wa kwanza anapanga hija, semina, sare. Wa pili: semina, sare, hija. Wa tatu: sare, hija, semina. Pigeni kura mbili mbili. Hija inaishinda semina, kura mbili kwa moja. Semina inaishinda sare. Mtu angetegemea basi hija iishinde sare, lakini hesabu uone: sare ndiyo inayoishinda hija! Mnazunguka tu, na hakuna aliyekosea.

Mzunguko huu Mfaransa Condorcet aliuonyesha tangu 1785. Jipya la Arrow ni kuuliza kama kuna kanuni nyingine yoyote ya kuunganisha mapendeleo itakayotuokoa. Akatumia mantiki ile ya mahusiano aliyojifunza kwa Tarski. Tukidai kanuni ikubali mipango yote ya watu, ifuate pale wote wanapokubaliana, ilinganishe vitu viwili bila kuvurugwa na cha tatu, isimfanye mtu mmoja kuwa dikteta, na itoe mpangilio usiojipinga, basi machaguo yakiwa matatu au zaidi hakuna kanuni ya namna hiyo. Wapo wanaosoma hapa kwamba demokrasia ni uongo. Mimi sikubaliani nao. Kinachothibitishwa ni kwamba kila utaratibu wa kuamua pamoja una kitu inachokiachilia, na ni haki ya wanakikundi kujua ni kipi.

Ile kazi ndogo ya kumwandikia Helmer maelezo ndiyo iliyogeuka kuwa tasnifu. Columbia ilimpa shahada ya uzamivu mwaka 1951, na mwaka huo huo ikatoka kama kitabu. Ningeweza kuwaambia kwamba miaka ile yote ilipangwa, mantiki, jeshi, hata kukwama. Ila tukisema hivyo haraka tunamdanganya aliyekwama sasa, kwa sababu Arrow mwenyewe mwaka 1947 hakuwa na dalili yoyote. Ninachokiona kwa uhakika zaidi ni kwamba kitabu kikubwa alichojidai mwenyewe kilimfunga mikono, na ombi la mtu mwingine likazifungua. Ndiyo maana yule rafiki yangu aliyeacha jumuiya nilimwomba aniandikie kurasa tatu tu za kunieleza sura yake ya pili, mimi nisiyejua uchumi. Ameniletea mbili.

Mwaka 1972 Arrow alipewa tuzo ya Nobeli ya uchumi akiwa na miaka 51. Aliigawana na John Hicks, mwenye kile kitabu. Novemba 1990 alikuwa Roma kati ya wachumi walioalikwa na Baraza la Kipapa la Haki na Amani kabla ya waraka wa Centesimus Annus, na Papa Yohane Paulo II alipoanzisha Akademia ya Kipapa ya Sayansi za Jamii mwaka 1994, Arrow alikuwa miongoni mwa wajumbe wake wa kwanza.