Joto au Tofauti ya Joto? Funzo la Istilahi kutoka Jiko la Ayany

Utangulizi

Mtaa wa Ayany, Kibera, haukosi moto wa jiko: alfajiri wa mandazi na chapati, adhuhuri wa githeri, jioni wa samaki. Sehemu kubwa ya joto la mioto hiyo haiingii chunguni, bali hupotelea hewani. Wakati huo huo, mpishi yule yule hununua umeme kwa tokeni ili achaji simu yake. Je, joto hilo haliwezi kugeuzwa umeme? Sayansi inajibu kwamba laweza. Makala hii inaeleza namna linavyogeuzwa, kisha inadai kwamba istilahi isiyoundwa kwa makini huweza kumpotosha mtumiaji wa teknolojia hiyo.

Kanuni yenyewe

Mnamo mwaka 1821, Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa kwenye ncha zote mbili, kisha ncha moja ikapashwa moto na ya pili ikaachwa baridi, sindano ya dira iliyo karibu husogea. Baadaye ilibainika kuwa kilichoisogeza ni mkondo wa umeme. Siku hizi hutumiwa vipande vidogo vya nusukipitishi vilivyopangwa baina ya vigae viwili vyembamba vya kauri. Kifaa chote hutoshea kiganjani, wala hakina sehemu inayozunguka. Hapo ndipo kinapotofautiana na mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, ambako mvuke huzungusha mashine.

Kanuni hii imetumika mbali na karibu. Chombo cha angani Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, hupata umeme wake kutokana na joto la plutoni. Nchini Kenya, katika muongo wa 2010, kampuni ya BioLite iliuza jiko la kuni lenye kifaa cha aina hii. Umeme wake uliendesha feni ya kuchochea moto, na uliosalia ukachaji simu.

Hesabu ya githeri

Na achukuliwe mfano wa mama anayechemsha githeri kibandani, Ayany. Upande mmoja wa kifaa umeshikana na bamba la chuma linalopata moto hadi nyuzi 200 za Selsiasi. Upande wa pili umeshikana na sufuria ya maji. Kwa sababu ya mwinuko wa Nairobi, maji huchemka karibu na nyuzi 95, hivyo upande huo hauwezi kuzidi hapo kwa mbali. Tofauti ni takribani nyuzi 100. Katika hali hiyo, kifaa hugeuza kiasi cha asilimia 3 tu ya joto linalokipitia: wati 70 za joto huzaa wati 2 za umeme. Kwa saa tatu za githeri, hizo ni wati-saa 6. Simu ndogo ya vibonyezo huhitaji kama 4, ilhali simu kubwa ya kisasa, inayohitaji kama 15, haitajaa. Joto lililosalia nalo halikupotea, kwani limechemsha maji.

Sasa maji yakauke. Upande uliokuwa baridi utapanda joto, tofauti itapungua, na umeme utafifia ilhali moto ungali mkali. Joto likizidi, viungo vya kifaa vilivyolehemiwa huyeyuka, na kifaa kikawa kimekufa.

Tatizo la istilahi

Neno linalomjia mtu upesi ni umemejoto. Ni fupi na linatamkika, lakini lina kasoro mbili. Kwanza, linakaribiana mno na umeme wa jotoardhi. Pili, linataja joto na kunyamazia tofauti. Atakayelitegemea ataongeza makaa pale umeme unapofifia, kumbe dawa ni kuongeza maji baridi. Kwa hiyo umeme wa tofautijoto, ingawa ni ndefu zaidi, inafaa kupendekezwa: jina lenyewe linamfundisha mtumiaji la kufanya.

Vivyo hivyo kwa malighafi yake. Joto taka linaashiria kitu cha kutupwa. Joto potevu nalo linaleta dhana ya uasherati na upotovu. Joto linalopotea halina madoido, ila linasema kweli.

Hitimisho

Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya. Hadhi hiyo haitakuwa na maana kwa mpishi wa Ayany iwapo maelezo ya kifaa anachouziwa hayamfai. Maelezo hayo yanapaswa pia kumwonya kwamba jiko la makaa halifai kuachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya kuchaji simu, maana kaboni monoksidi haina harufu, nayo huua. Mwanaisimu anayeunda istilahi za sayansi hana budi kwanza kukielewa kifaa, ndipo akipe jina. Akikosea yeye kwenye kamusi, hasara itaonekana jikoni.